Maneno Mawili Mawili kwenye Foleni ya Uji

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na kitinda mimba wangu. Kaniambia, "Mama, kila wasiwasi ukikujia, mwandikie huyu. Ukinimwagia mimi wote nitapasuka kichwa." Nimecheka, ila nimemwelewa. Shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unapanda kilima na kushuka, lakini daftari halina mdomo wa kunicheka. Haya, nianze.

Nina wasiwasi.

Leo mwanangu huyo huyo ameanza mazoezi ya kufundisha. Chuo kimempanga shule hii hii ninayopika mimi, darasa la sita, somo la Kiingereza. Muhula uliopita alikuwa shule nyingine, wakamwangusha. Si kwamba hajui. Mkaguzi wa chuo aliandika kuwa sauti yake haivuki dawati la tatu. Wamempa nafasi ya kurudia mara moja tu. Mkaguzi huyo huyo atakuja siku yoyote muhula huu, bila kutoa taarifa, na akimwangusha tena ndiyo basi, anarudi nyumbani bila cheti. Kazi aliyoitaka tangu akiwafundisha wanasesere wake barazani itakuwa imekwenda na maji.

Kati ya jiko langu na darasa lake kuna uwanja mdogo. Nikisimama kwenye dirisha la kuoshea masufuria namwona akiandika ubaoni, mdomo unatembea. Sauti sisikii hata chembe.

Mwenzangu wa jikoni, wote tunamwita Pilipili kwa sababu ya ulimi wake, akanikuta pale. "Wewe, maharage yanaiva kwa moto, hayaivi kwa kumkodolea mwanao macho."

"Nachungulia kidogo tu."

"Kidogo gani, tangu kengele ya kwanza?"

Jumanne, 5 Machi

Kavunja chaki tena na tena. Sauti sikuisikia.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nyumbani nimekuwa darasa. Alisimama karibu na kabati la vyombo, mimi nikakaa kwenye kigoda, akanifundisha somo la Jumatatu ili apate kuzoea.

Kumbe maneno ya Kiingereza yana wenza. Neno haliendi na yeyote tu. Mvua ikiwa kubwa hawasemi kubwa, wanasema heavy rain, mvua nzito, kama vile gunia. Chai ikikolea wanasema strong tea, chai yenye nguvu. Ukisema heavy tea kila mtu anakuelewa, ila wanakuangalia kama uliyevaa viatu visivyo jozi. Nikamwuliza ni nani aliyewapangia. Akasema hakuna aliyepanga, ni mazoea tu, kama mtu na mkewe.

Mafua wanayadaka, catch a cold, kama mtu anayedaka mpira. Nikamwambia kwetu mafua ndiyo yanatudaka sisi. Kosa nalo wanalitengeneza, make a mistake.

"Wanalitengeneza, kama kiti?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ni fundi mkubwa."

Alicheka mpaka akaegemea kabati. Nilifurahi, maana ana siku nyingi hajacheka.

Anasema kuijua jozi peke yake haitoshi. Ni kama kuwa na kifungo bila shati, lazima ukishone kwenye sentensi ndipo kifanye kazi. Nikamwomba anitungie sentensi za jikoni ili nishike vizuri. Akanitungia. Heavy rain puts out the fire, mvua kubwa inazima moto. Strong tea wakes my mother in the morning, chai kali inamwamsha mama yangu asubuhi. Hiyo ni ya kweli kabisa.

Tulipofika katikati nilishapata moto. Yeye akisema "heavy", mimi nadakia "rain!" Akisema "strong", kabla hajafunga mdomo mimi "tea!" Mwanzoni alicheka. Baadaye akasema taratibu, "Mama, niachie nimalize."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua zimeanza. Kuni zimelowa upande mmoja.

Leo kwenye foleni ya uji kuna msichana wa darasa la sita, mimi namwita Kidole Juu kwa sababu hata akitaka uji ananyoosha kidole. Nikamwuliza, "Leo mwalimu kawafundisha nini?" Akasema heavy rain. Nikamwambia, haya, niwekee kwenye sentensi. Akakwama. Nikampa ile yangu ya mvua na moto, akaisema yote, nami nikamjazia kikombe mpaka juu. Wenzake nyuma wakaanza kupiga kelele, na sisi, na sisi!

Foleni haijawahi kwenda kwa furaha hivi. Pilipili kasema, "Sasa tumekuwa jiko au tumekuwa chuo?" Lakini naye kajifunza strong tea, nimemsikia akijisemea akiwa anachambua mchele.

Alhamisi, 14 Machi

Foleni inaendelea. Nyumbani mwanangu ananifanyia mazoezi ya somo la kesho, na mimi kesho asubuhi nawapa watoto kwenye uji wa kwanza, kabla hawajaingia darasani. Sijamwambia. Nataka aone mwenyewe jinsi darasa linavyochangamka.

Jumatano, 20 Machi

Kaja nyumbani anang'aa. Ameweka mkoba chini hata viatu hajavua.

"Mama, wanajua! Nauliza tu, mikono yote juu. Hata neno ambalo sijaliandika ubaoni. Unajua maana yake nini?"

"Nini?"

"Maana yake wananisikia. Sauti yangu inafika nyuma."

Nikamwekea chakula. Nilitaka kusema, nikaona furaha ile, nikasema moyoni acha ale kwanza. Amekula, nikasema acha alale. Amelala sasa, mimi naandika.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Mvua. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mkaguzi amekuja leo. Nitaandika yote, maana nisipoandika sitalala.

Nilimwona akishuka kwenye gari, mwanamume mrefu na mwavuli mweusi, uso wake kama mlango uliofungwa. Hakupitia ofisini kwa mwalimu mkuu, alikwenda moja kwa moja darasa la sita akakaa nyuma. Nikasimama dirishani. Pilipili safari hii hakunitania, alikuja akasimama kando yangu na mwiko mkononi.

Tulimwona mwanangu akifungua mdomo. Tukaona watoto wananyoosha mikono, msitu wa mikono. Nikamfinya Pilipili. Kisha tukamwona mkaguzi akisimama, akazungumza yeye. Mikono ikapanda tena. Akazungumza tena. Mikono tena. Mwanangu alikuwa kasimama na chaki, hajaandika kitu. Halafu mkaguzi akakaa, na nikaona mkono wa mwanangu unashuka polepole mpaka ukafika kwenye sketi ukabaki pale.

"Mbona kaacha?" nikauliza.

"Nitajuaje? Mimi nipo hapa na wewe."

Kengele ilipolia Kidole Juu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anarukaruka kwenye madimbwi.

"Mama mpishi, tumepata zote!"

"Zote nini?"

"Mkaguzi kauliza strong inakwenda na nini, tukasema wote, strong tea wakes my mother in the morning! Akauliza catch, tukasema wote, the cook catches a cold when it rains! Na mwalimu alikuwa bado hajaandika hata moja ubaoni!"

"Mkaguzi akasemaje?"

"Hakusema. Alifunga kalamu."

Nilijaza vikombe. Sikumwuliza sentensi hata mtoto mmoja. Mwingine nikaumwaga kwenye meza.

Mwanangu alikuja jikoni foleni ilipokwisha. Shuleni huwa ananiita mama mpishi kama walimu wengine, tumekubaliana hivyo. Leo alisimama mlangoni akasema, "Mama."

Pilipili akachukua ndoo akatoka, ingawa maji yalikuwepo.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Chai inamwamsha mama yangu. Wote wamesema hivyo. Darasa zima lina mama mmoja, mama huyo mmoja anakunywa chai kali, na mpishi wake ana mafua."

Nikasema nilitaka kumsaidia. Nikasema ni mchezo tu wa foleni. Nikasema mengi, hata sikumbuki.

"Unajua anavyofikiri? Anafikiri niliwakaririsha somo kabla hajaja, ili darasa lionekane linajua. Wapo wanafunzi wa chuo wanaofanya hivyo. Wanaita udanganyifu. Mtu akibainika hata kurudia harudii."

"Ngoja, niende. Bado yuko kwa mwalimu mkuu. Nitamwambia ni mimi, wewe hukujua lolote."

Nilikuwa nimeshavua aproni. Akanishika mkono, si kwa nguvu.

"Ukienda kunisemea, mama, ndiyo nitakuwa nimekwisha kabisa. Mwalimu anayesemewa na mama yake, nani atamwachia darasa?"

Akatoka. Hakukimbia, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona akivuka uwanja akilowa, mabega yake madogo yale, nami nimeshika aproni kama mtu aliyeokota nguo ya mwingine.

Ijumaa, 29 Machi

Hajala. Hajasema.

Jumamosi, 30 Machi

Leo ndiyo kasema. Tulikuwa tunakunja nguo zilizokauka nusu, yeye upande ule wa shuka na mimi upande huu. Pengine ilikuwa rahisi hivyo, shuka ikiwa katikati.

"Nilishamwambia mwenyewe."

"Umemwambia nani, nini?"

"Mkaguzi. Siku ile ile, kabla hajaondoka. Nilimwambia mama yangu ni mpishi wa shule, na kila somo nalifanyia mazoezi kwake, naye kumbe anawapa watoto kwenye foleni ya uji."

Shuka ikaniponyoka. "Akacheka?"

"Yule hacheki. Aliniangalia sana. Akasema hana njia ya kujua kama ni kweli. Atarudi kabla muhula haujaisha, na nitafundisha jozi ambazo darasa halijawahi kuzisikia popote. Akasema, hata jikoni."

Basi nafasi bado ipo! Nikataka kupiga vigelegele. Nikaanza kusema tutafanya hivi, tutafanya vile, nitakaa mbali, nitakaa karibu, akainua mkono.

"Mama, sikukasirikia sentensi. Nilikasirika kwa sababu nilidhani ni sauti yangu."

Tukamaliza shuka, tukachukua nyingine.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemwuliza Pilipili, ukweli, bila pilipili, kama mimi ni mama mbaya.

"Mbaya hapana," akasema. "Ila unakumbuka alipokuwa mdogo unakuja naye hapa? Mimi nilikuwa namwambia, mtoto hujambo? Wewe ndiye ulikuwa unaitikia, sijambo."

"Alikuwa mpole."

"Angepata wapi nafasi ya kuwa mkali? Kila akifungua mdomo anakuta umeshapita."

Nimemnunia mpaka saa ya kufunga. Jioni nikamwachia chai kwenye birika lake.

Jumatano, 3 Aprili

Makubaliano na mwanangu ni haya. Mazoezi atafanya peke yake chumbani. Mimi sitauliza jozi gani. Kwenye foleni nitatoa uji tu.

Watoto wananililia. "Mama mpishi, tuulize!" Mmoja kasema, "Heavy…" akaacha wazi, akinitegea. Ulimi wangu uliruka wenyewe, nikaung'ata. Nikampa kikombe.

"Mama mpishi amekasirika," wakaambiana.

Jumanne, 9 Aprili

Mkaguzi hakuja.

Ijumaa, 12 Aprili

Jioni anafunga mlango wa chumba na kufundisha ukuta. Mimi niko nje na sinia la maharage. Nasikia maneno nusunusu, hili la mbele, la nyuma linapotea. Kila linalopotea moyo wangu unataka kugonga mlango. Nimehamia barazani. Mvua imenifuata huko, nikarudi ndani, nikaziba masikio kwa khanga. Mtu angeniona angedhani naumwa jino.

Jumatano, 17 Aprili

Hakuja. Gari lililoingia lilikuwa la unga.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwuliza tu kama anaona bora aseme kwa taratibu au kwa haraka.

"Mama."

"Nimeuliza tu."

"Daftari liko wapi?"

Basi nimekuja kuandika hapa. Bora aseme taratibu.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimesikia neno.

Nilikuwa naosha lile sufuria kubwa, kichwa kimo ndani ya sufuria hasa, sikuwa nachungulia. Mvua ilikuwa imetulia. Sauti ikavuka uwanja, ikaingia dirishani. Nilidhani ni mwalimu wa darasa la saba, yule ambaye hata akinong'ona ng'ombe wanageuka. Nikainua kichwa. Ni yeye. Neno lenyewe sikulishika ni lipi. Lakini nimelisikia.

Sikumwambia. Nimeogopa nikimwambia litarudi lilikotoka.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuja. Muhula unakaribia kwisha. Pilipili anasema labda amesahau. Watu wa namna ile hawasahau.

Jumatano, 8 Mei

Amekuja. Mkono unauma kwa kukoroga lakini nitaandika.

Mvua ya leo ilianza kabla ya kengele na haikuwa mvua ya kawaida, ilikuwa inamwagwa. Nilikuwa na watoto wachache tu waliowahi uji wakati kivuli kilipoingia mlangoni. Mwavuli mweusi ukafungwa. Mkaguzi mwenyewe, jikoni kwangu, maji yanamdondoka kwenye viatu.

Akaangalia masufuria, akaangalia watoto, akaniangalia mimi.

"Mama, leo umewapa nini?"

"Uji, mwalimu," nikasema. "Uji mtupu."

Nadhani kitu kilitikisika kwenye kona ya mdomo wake, ila siwezi kuapa. Akafungua mwavuli akaenda zake darasani.

Sasa darasa lile lina paa la bati. Mvua ikipiga bati hata mwalimu wa darasa la saba anaandika tu ubaoni na kukaa. Nikaenda dirishani. Mwanangu amesimama mbele, mdomo unatembea. Watoto wa nyuma wameweka mikono masikioni, wanainama mbele. Hawasikii. Hakuna ambaye angesikia. Hata mimi ningekuwa pale na mdomo huu wangu wasingesikia.

"Watamwangusha kwa sababu ya mvua," nikasema. "Pilipili, kwa sababu ya mvua!"

"Tulia."

Jiko letu lina paa la zege, walilijenga hivyo kwa kuogopa moto. Ndani mwetu mvua unaisikia kwa mbali kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya jirani. Nikawaza, niende nikamwambie awalete huku. Ni hatua chache. Nikafika mlangoni. Nikashika fremu ya mlango. Nikasema moyoni, kama mimi nimeliona hili, naye ataliona, macho anayo. Na asipoliona? Mwenyezi Mungu, asipoliona? Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda bila mimi. Nilishika ile fremu kama mtu aliye kwenye mkondo wa maji.

Mlango wa darasa ukafunguka. Wakatoka mstari mmoja, wanapita chini ya ukingo wa paa, wengine na madaftari kichwani, yeye mbele. Mkaguzi nyuma kabisa na mwavuli wake.

Akasimama mbele yangu, nywele zimelowa. "Mama mpishi, naomba jiko."

"Karibu, mwalimu," nikasema. Tangu azaliwe sijawahi kumwita hivyo.

Tukasogeza meza, Pilipili na mimi. Watoto wakakaa kwenye magunia ya maharage, kwenye vigoda, wengine chini kando ya kuni. Mkaguzi alipewa ndoo iliyofunikwa akaikalia. Mimi sikuwa na pa kwenda, sufuria la uji wa pili lilikuwa motoni. Nikabaki na mwiko wangu kwenye kona.

Akaanza. Sauti yake haikuwa kubwa. Ila ilikuwa imesimama, kila neno na miguu yake.

Aliwauliza kwa Kiswahili kwanza. "Nyumbani mnapiga nini?" Wakashangaa. Akasema, "Mimi leo asubuhi nimepiga mswaki. Nikapiga pasi. Nikapiga simu. Njiani nikapiga chafya. Je, kuna aliyeumia?"

Kicheko kilipiga kuta. Watoto wakaanza: nimepiga deki! Baba kapiga picha! Dada anapiga porojo! Yeye anaandika ubavuni mwa kabati la vyombo kwa chaki, maana ubao haukuwepo. Akasema, mnaona, neno letu moja linaita wenzake wengi, na hakuna aliyetufundisha. Leo nitawapa neno lao moja linaloita wenzake.

Hilo la kupiga sikumpa mimi. Hatukuwahi kulizungumza, si kwenye kigoda wala kwenye shuka. Alilitoa wapi sijui. Nilisimama pale nikimtazama kama mtu mgeni niliyempenda siku ya kwanza.

Neno lenyewe lilikuwa keep. Kutunza. Akasema ahadi unaitunza usiivunje, keep a promise. Siri unaitunza, keep a secret. Na kunyamaza nako wanakutunza, keep quiet, kama unga unaoufunika usimwagike. Kisha akasema, shoneni kwenye shati, nataka sentensi, za kwenu, si za mtu mwingine.

Hakuna kidole kilichopanda. Ndipo watoto wote, kama walioambiana, wakageuka wakanitazama mimi.

Na mkaguzi naye akanitazama.

Nilikuwa na sentensi. Ndiyo kitu cha kuchekesha. Kichwani mwangu ilikuwepo moja nzuri kabisa, ya ahadi. Mdomo ulikuwa umeshajaa. Ningekonyeza tu, ningetikisa mwiko tu, Kidole Juu angeelewa. Nikageukia ukuta. Nikautazama ukuta ule wenye masizi mpaka nikayajua masizi yote.

Mwanangu hakuwaharakisha. Alingoja. Nilisikia mvua, nikasikia kuni inapasuka, nikasikia kalamu ya mkaguzi haiandiki.

Kisha mtoto mmoja kutoka nyuma, wa sauti ndogo kuliko zote, akasema, "I keep my brother's secret." Mwanangu akasema ni nzuri sana, na sisi hatutamwuliza siri yenyewe. Wakacheka. Mwingine akasema bibi yake anatunza ahadi. Mwingine kakosea, mwenzake kamsahihisha. Na Kidole Juu, kidole juu, akasimama kwenye gunia.

"The cook keeps quiet today."

Leo mpishi ananyamaza. Jiko zima likaangua kicheko. Pilipili alicheka mpaka akakaa chini. Nikageuka. Mwanangu alikuwa ananitazama, hacheki, macho yake yamejaa maji, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ghalani, "Sahihi. And it is very hard work." Akawatafsiria, na ni kazi ngumu sana.

Hapo ndipo Pilipili alipoinua pua. "Uji!"

Ulikuwa umeungua. Nilikoroga muda wote lakini nilikuwa nakoroga juu juu tu, chini ulishashika kama lami. Tukawapa hivyo hivyo, hapakuwa na mwingine. Mkaguzi naye kachukua kikombe. Alikunywa wote. Harufu ya moshi ile, na akanywa wote, akarudisha kikombe akasema ahsante, mama. Nimemfikiria vibaya tangu Machi mtu huyu. Mlango uliofungwa si lazima uwe wa jela.

Alhamisi, 9 Mei

Nimesugua sufuria. Bado.

Ijumaa, 17 Mei

Amepita.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini. Nilikuwa dirishani, sikatai. Alitoka akavuka uwanja, hakukimbia, alikuja moja kwa moja jikoni akaweka kichwa chake begani kwangu mbele ya kila mtu, na foleni nzima ikaanza kupiga makofi bila kujua ni kwa nini. Pilipili alilia, kisha akasema ni moshi.

Mkaguzi ameandika kwamba sauti ya mwalimu inasikika. Kaandika pia kwamba jiko halifai kuwa darasa, ila kwa siku ile lilifaa.

Jumamosi, 18 Mei

Daftari limebaki kurasa chache na sina wasiwasi wa kuzijaza. Labda mmoja upo, ila mdogo. Ni kwamba watampangia shule ya mbali.

Jioni tulikaa barazani. Mvua ilikuwa inaondoka, matone ya mwisho mwisho kwenye ndoo. Akanyoosha miguu akasema, "Mama, mvua ya mwaka huu ilikuwa…"

Nikangoja. Ilichukua muda. Chai yangu ilipoa mkononi, nikangoja.

"Nzuri," akasema.

Mimi ningesema kubwa.